Maria Aliyeshika Tama

Mbinga,
14 Septemba 2023

Mpwa wangu Sesilia,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana shikamoo yako itakaa njiani wiki tatu na mimi sina subira hiyo.

Huku tuko wazima. Kahawa imeshavunwa, goti la mke wangu limeacha kumsumbua, na lile waridi alilopanda mama yako mlangoni kwake sasa limefika dirishani. Nyumba tunaifungua kila Jumamosi ipate hewa.

Sasa jambo lenyewe. Kanisa jipya la parokia limekwisha kuezekwa, na Padre Noel amenipa mimi kazi ya picha ya altareni. Ndiyo, mimi, mjomba wako Leonard, mwandika vibao vya maduka, mchoraji wa yule kuku wa kibanda cha chipsi pale stendi. Nilimwambia Padre wilaya nzima hakuna mwingine anayeiweza, wala hakubisha. Anaitaka kama alizoziona Ulaya alipokuwa masomoni: ubao mkubwa katikati, na mbao mbili pembeni zinazofunga kama milango ya kabati. Kwaresima inafungwa, Pasaka inafunguliwa, watu wote wanaona. Fundi ameshanipatia mninga mkavu.

Katikati ni Bwana msalabani, na Mama yake amesimama chini. Bwana namweza. Askari nawaweza. Huyo Mama ananitoa jasho. Kila nikimchora analia kama mtu wa kwenye tamthilia, na mimi sitaki Mama wa namna hiyo juu ya altare yetu. Wewe unalinda picha hizo siku nzima kwenye jumba lenu la London, na juu ya hayo unalipwa. Niangalizie. Wale wazee wa zamani walimfanyaje?

Usipige simu. Tangu ile niliyokupigia mwaka juzi, mimi na wewe hatupendi kusikiana kwenye simu. Andika.

Mjomba wako,
Leonard

Thamesmead, London,
8 Oktoba 2023

Shikamoo mjomba, hata kama ulishaiitikia.

Mimi mzima. Bado napanga chumba kwa Dada Miradie, yule Mkongo mwenye roho nzuri, ghorofa ya nne, dirisha linatazama ziwa lenye bata wakorofi. Amejifungua mtoto wa kike na nyumba nzima hailali. Baridi imeanza kuuma na nimeshatoa lile koti langu zito.

Umemuuliza mtu anayehusika. Wasomi wanaingia chumbani kwangu, wanasimama mbele ya picha dakika kumi, wanaandika, wanaondoka wakijiona wameimaliza. Mimi nakaa nazo saa nane kwa siku, mwaka wa tano huu. Nazijua kuliko majirani zangu.

Kwanza, dhahabu ya nyuma. Usichore mawingu wala vilima. Waliweka dhahabu tupu ili usijue ni asubuhi au jioni, wala ni nchi gani. Mahali pale hapana saa. Pili, vazi la Maria ni buluu ya jiwe la kusagwa lililotoka mbali, Afghanistan huko, na walimvika yeye kwa sababu hawakuwa na rangi ya thamani zaidi. Tatu, chini ya msalaba weka fuvu. Ni la Adamu. Wanataka kusema aliyeanza kufa yuko hapo hapo na anayekiondoa kifo.

Kuna moja ambayo Mtoto Yesu ameshika ndege mdogo mwenye uso mwekundu. Watoto wa shule hucheka, wanadhani anachezea ndege. Ndege yule hula mbegu za miiba, na watu wa kale walisimulia kwamba wekundu ule ni damu iliyomrukia alipochomoa mwiba kwenye kichwa cha Bwana. Kwa hiyo mtoto hata meno hajaota, na kifo chake kiko mkononi mwake, na mama yake anajua, na anamtazama tu. Siwezi kusimama mbele ya picha hiyo kwa muda mrefu. Huwa naenda kukaa upande wa pili.

Halafu kuna mfadhili. Aliyeitoa picha kanisani alichorwa pembeni chini, amepiga magoti, mdogo, hafiki hata kiuno cha mtakatifu. Wengine wamevaa nguo zao za kila siku kabisa.

Sasa huyo Mama wako. Wengi wao hawalii hata kidogo. Wameinamisha kichwa na mkono uko shavuni. Kama si Maria basi ni Yohane upande wa pili. Kwenye vyumba vyangu viwili nimewapata saba. Mwenzangu wa zamu, Bwana Ravinder, Singasinga wa Tooting aliyezaliwa Nakuru na ambaye Kiswahili chake hakijafa, alikuja akasimama nami akasema, "Ona, Sesi, hawa wazungu wa kitambo pia walikuwa wanashika tama! Mamangu angewachapa wote."

Nilicheka, nikamkumbuka mama. "Shusha mkono huo! Unamwita nani afe?" Mimi mtoto nawaza pipi tu, mwiko unakuja.

Nimetia kadi sita za picha humu ndani. Yaangalie macho kwanza, halafu mikono.

Sesilia

Mbinga,
19 Novemba 2023

Mpwa wangu,

Salamu nyingi zitangulie. Mvua zimeanza, mke wangu ameshapanda maharage, na Padre Noel amepata pikipiki mpya anayoiendesha vibaya. Mtoto wa Miradie mbebee salamu zangu, na asipolala mwambie bata watamsikia.

Kadi zimefika zote. Nimezibandika ukutani karakanani na wateja wa vibao wanakuja kuziangalia. Mmoja aliniuliza kama hao nao ni wagombea. Dhahabu nimeielewa, fuvu nimeliweka, na Maria atashika tama. Umenifungua macho, siwezi kusema vinginevyo.

Nilimwomba mke wangu akae mkono shavuni nimchore. Akakataa katakata, eti sitaki kuitia nyumba yangu mkosi, chora kuku wako. Ikabidi nifunge mlango wa karakana, nishike tama mwenyewe mbele ya kioo, mzee mzima. Mkono umekubali kweli kweli.

Uso nimempa wa mama yako. Sikuomba ruhusa ya mtu. Skolastika alikuwa dada yangu miaka yote kabla hajawa mama wa yeyote.

Kona ya chini kulia nimeacha nafasi ya yule mtu mdogo wa magoti. Padre anataka tumweke mbunge aliyetoa mabati. Nimemwambia nitaamua mwenyewe.

Jambo moja tena. Siku ile nilipokupigia kukupa habari ya mama yako, ulisema "sawa mjomba" halafu ukakata simu. Baadaye ukasema unakuja. Baadaye tena ukaandika kwamba kazini wamekunyima ruhusa. Sikuuliza wakati ule. Sasa nauliza kama mchoraji tu: baada ya kukata simu ulikaaje? Mkono wako ulikuwa wapi?

Leonard

Thamesmead,
28 Januari 2024

Shikamoo mjomba,

Samahani kwa kuchelewa. Noeli ilikuwa na kazi nyingi, watu walifurika kuangalia pango na mamajusi. Mtoto wa Miradie amebatizwa, tumepika pondu, kile kisamvu cha Kikongo, hadi jirani wa chini akaja na sahani yake. Theluji ilianguka siku moja ikayeyuka kabla ya chakula cha mchana.

Vitabu viwili vya karatasi za dhahabu vimo kwenye bahasha hii. Usipumue karibu navyo, zinaruka.

Kuhusu mkono: kidole gumba kinakaa chini ya taya, vile vinne vinalala juu ya shavu, na kiwiko kinashikwa na mkono wa pili. Hicho ndicho ninachokijua kuhusu mkono.

Mbunge usimweke.

Sesilia

Mbinga,
22 Februari 2024

Mpwa wangu Sesilia,

Barua hii anakuja nayo Miraji, yule kijana anayehudumia wazee huko kwenu. Alikuja likizo, anarudi Jumanne. Nimemwambia akikuletea baada ya Jumapili nitamsema kwa mama yake. Sisi wazima, ila nyumbani kwetu hapaongeleki, na utajua kwa nini.

Picha imekwisha, Sesilia. Ni nzuri. Nasema hivyo bila aibu. Mafundi waliibeba hadi altareni watu wanane, na nilipofungua milango, dhahabu ilishika mwanga wa madirisha yote mawili na wale mafundi wakavua kofia bila kuambiwa.

Wiki hiyo hiyo tukazika wawili parokiani. Mzee mmoja wa miaka tisini na moja, na mama mmoja aliyeumwa muda mrefu. Basi ikawa nongwa. Mama Godson, mwenyekiti wa akina mama, alisimama kwenye halmashauri ya parokia akasema: "Mtoto akishika tama tunamwambia ashushe mkono, kwa sababu anaita msiba. Huyu Leonard amemweka Mama wa Mungu ashike tama juu ya altare, mbele ya watoto, kila Jumapili. Tunamwita nani? Nyumba ipi inafuata?" Mke wangu alinyamaza, na kunyamaza kwake nilikusikia mpaka nyumbani.

Wamefunga milango ya picha. Ingefungwa kwa ajili ya Kwaresima hata hivyo, lakini wametia na kufuli. Wameamua hivi: ama nimshushe Maria mkono, afumbate vidole kama kwenye kalenda, ama picha ishushwe kabla ya Jumapili ya Matawi. Askofu anakuja Pasaka kubariki kanisa.

Kuushusha mkono siwezi. Nimejaribu kwenye karatasi. Mkono ukishuka, uso wa dada yangu unabaki unatazama bure, unakuwa uso wa mtu anayesubiri gari. Miaka arobaini nimeandika "Karibu Mteja" na "Hapa Hakuna Mkopo". Hii ndiyo kazi yangu moja.

Niandikie barua ya kusomwa mbele ya halmashauri. Waambie unachokijua. Ukimaliza ipige picha uitume kwenye simu ya Padre, posta haitawahi.

Leonard

Thamesmead,
4 Machi 2024

Shikamoo mjomba. Salamu za nyumbani utanisamehe leo, nitazileta zote mara nyingine. Nusu ya kwanza ni ya halmashauri. Nusu ya pili ni yako. Ukiona inafaa, wasomee nayo.

Kwa Padre Noel, kwa Mama Godson, shikamoo, na kwa wanahalmashauri wote.

Mimi ni Sesilia, mtoto wa marehemu Skolastika, nilibatizwa kwenye kanisa lenu la zamani. Ninafanya kazi ya ulinzi kwenye jumba la picha hapa London. Chumba changu kina picha zilizotengenezwa kwa ajili ya altare, nyingine zina miaka zaidi ya mia sita. Watu walisali mbele yake, waliojifungua, waliooana na waliofiwa. Ndani yake Maria na Yohane wanashika tama. Mjomba hakulitoa jambo hilo kichwani mwake, mimi ndiye niliyempa. Kama kuna kosa ni langu.

Lakini Mama Godson amesema kweli na sitambishia. Na mimi nilichapwa mwiko kwa ajili ya mkono huo. Ninaomba tu tukumbuke ni wakati gani tunakatazwa. Tunakatazwa siku za kawaida, jikoni, uwanjani, watu wote wakiwa wazima. Kushika tama bila msiba ndiko kunakouita. Je, msibani? Nani kati yenu amewahi kumwambia mfiwa ashushe mkono? Tunamwacha. Tunakaa naye mkekani na mkono wake ukiwa pale pale.

Maria yuko chini ya msalaba. Mwanawe ameshakufa. Haiti msiba, yuko msibani. Mkimshusha mkono mnamwambia hajafiwa. Na kila atakayeingia kanisani humo amefiwa atamtazama Mama aliyefumbata vidole vizuri, ajione yeye peke yake ndiye asiyejua kukaa.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nawashukuru kwa kunisikiliza.

Mjomba, hii ni yako sasa.

Uliuliza mkono wangu ulikuwa wapi. Kazini hawakuninyima ruhusa. Walinipa wiki tatu, na Ravinder alinibebea begi mpaka kituo cha treni. Nilifika Heathrow. Nilipita ukaguzi. Nilikaa kwenye kiti mbele ya mlango wa ndege nikashika tama, na pale pale nikamsikia mama, shusha mkono huo, unamwita nani. Nikashusha. Waliita jina langu mara mbili kwenye kipaza sauti, wakalitamka vibaya, nami nikakaa nimeweka mikono mapajani nikimtazama dada wa ndege akifunga mlango. Niliogopa kumwona amelala kwenye jeneza. Niliona nisipofika, atakuwa bado yupo nyumbani kwake, anamwagilia waridi.

Nilirudi Thamesmead na begi langu, na Jumatatu nikaenda kazini. Tangu siku hiyo sijashika tama, mjomba. Sina mahali pa kushikia. Msiba ulikuwa huko na mimi sikuwepo.

Sesilia

Mbinga,
3 Aprili 2024

Mpwa wangu Sesilia,

Kristo amefufuka. Shikamoo yako imefika, marahaba. Mke wangu anaongea tena, anaongea mno.

Barua yako Padre aliichapisha, nikaisoma mwenyewe mbele ya halmashauri. Nusu ya kwanza waliisikiliza vizuri, wazee wawili wakatikisa kichwa kwa kukubali, Mama Godson akabaki amekunja uso. Nikaikunja karatasi niketi. Halafu nikafikiri, huyu mtoto amesema nikiona inafaa. Nikaona inafaa. Nikasoma yote, mpaka uwanja wa ndege, mpaka waridi.

Mama Godson ndiye aliyemwosha mama yako alipokufa, sijui kama ulijua. Nilipomaliza kusoma akasema, "Kumbe alifika mpaka mlangoni mwa ndege." Akasema, "Tulimwachia nafasi mkekani siku zote tatu. Kila aliyetaka kukaa pale nilimwambia hapo pana mtu." Akafungua mkoba wake, akatoa ufunguo wa kufuli, akamrushia Padre mapajani. "Fungueni Pasaka. Leonard, mkono uache."

Nami nina langu nililokuficha. Siku mbili kabla hajafa nilimwambia mama yako kwamba nakuita uje. Akasema, "Usimwite nikiwa hivi. Huyo mwanangu namjua, akifika mlangoni atarudi, halafu atajichukia. Mwite nikishapona." Nilipiga simu alipokwisha kufa, na wewe ukarudi mlangoni kama alivyosema. Kwa hiyo nilijua, Sesilia. Nilijua tangu ulipoandika habari ya ruhusa. Sikukwambia kwa sababu nilidhani unataka kulificha jambo hilo, na nikaona ni haki yako. Nilikosea. Miaka yote hii uliubeba mzigo huo peke yako na mimi nina maneno ya mama yako mfukoni.

Usiku wa Pasaka tulifungua milango kwa mishumaa. Ile dhahabu ilicheza, na mahali pale hapakuwa na saa, kama ulivyosema. Askofu alisimama akaangalia muda mrefu, halafu akauliza kona ya chini kulia ni nani yule. Padre akasema muulize mchoraji. Nikamwambia, Baba Askofu, ni mfadhili.

Nimekupigia picha yake, iko ndani ya bahasha. Kona ile niliipaka Alhamisi Kuu, rangi ilikuwa haijakauka sawasawa.

Mjomba wako,
Leonard

Thamesmead,
12 Mei 2024

Shikamoo mjomba,

Mtoto wa Miradie anakaa mwenyewe sasa, anaanguka, anacheka. Bata wametotoa vifaranga tisa. Mke wako mwambie aendelee kuongea.

Bahasha nilikwenda nayo kazini bila kuifungua, nikaifungulia kwenye kiti changu kabla wageni hawajaingia. Nimemwona mama. Ni yeye, hata ile alama ya juu ya jicho umeiweka. Kisha nikatazama kona ya chini kulia. Mtu mdogo, amepiga magoti mkekani, koti la ulinzi la buluu, kitambulisho shingoni, redio kiunoni. Umenitia na zile buti mbaya. Na mkono uko shavuni, kidole gumba chini ya taya, kama nilivyokuelekeza.

Mjomba, nililia pale pale, na nikaona vema nilie.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Wageni walikuwa wameshaanza kuingia nilipomsikia Bwana Ravinder ananijia. "Sesi, uko sawa? Mbona umeshika tama hivyo? Umefiwa?"

Nikamwambia ndiyo, niko msibani kwa mama.

Akavuta kiti chake kutoka upande wa pili, akakaa karibu yangu, wala hakuniambia nishushe mkono.

Sesilia